Ufa wa pikseli moja

Mstari wenyewe ulikuwa na upana wa pikseli moja. Ulitokea kwenye ukuta wa pango ndani ya gemu yetu, mahali kigae kimoja cha jiwe jeusi, yaani kipicha kidogo cha mraba kinachorudiwa kujenga mandhari, kinapokutana na kingine, ukameta rangi ya mchanga, kisha ukapotea. Kamera ikisimama, huuoni. Kamera ikitembea, unarudi, unaruka safu mbili, unapotea tena. Mchoraji wetu ndiye aliyeuona kwanza. Alinitumia picha ya skrini aliyoizungushia duara jekundu, na chini yake maneno machache: "Kaka, huu mstari si wangu. Nimefungua kigae kimoja kimoja, hakuna mahali nimeweka rangi hii ukutani."

Alisema kweli. Rangi ile hakuiweka ukutani, aliiweka ufukweni, kwenye kigae cha mchanga. Kwenye ramani ya gemu, pango na ufuko viko mbalimbali kabisa. Lakini ndani ya atlasi, ile picha moja kubwa tunamokusanya vigae vyote ili kadi ya michoro isihangaike kubadili picha kila mara, jiwe na mchanga vilikuwa vimepakana.

Nimekuwa nikitengeneza gemu za vigae kwa miaka kadhaa, na karibu kila nilichokielewa kuhusu namna picha inavyofika kwenye skrini nilikielewa nikiwa nafukuza mstari wa namna hii. Nimekutana nao ukiwa na sababu tofauti, na kila mara chanzo cha chanzo kilikuwa kilekile: kadi ya michoro haijui kigae ni nini. Kigae kiko kichwani mwetu na kwenye zana zetu. Kwa hiyo mpaka wa kigae hauna mlinzi mwingine ila zana tunayoiandika sisi wenyewe, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa ya zana ya ramani, kuliko hata kuweka vigae mahali pake.

Tuuchukue ufa wa kwanza. Kadi inajua pembetatu na inajua picha, basi. Ukitaka ikuchoree kigae, unaipa pembetatu mbili zinazounda mraba, na kwenye kila kona unaweka anwani ya mahali fulani ndani ya atlasi: namba mbili, kila moja kati ya 0 na 1. Kadi inazisambaza anwani hizo kwa pikseli zote zilizo kati ya kona, kisha kila pikseli inakwenda kwenye atlasi kuchukua rangi yake. Kamera ikiwa mahali pa namba kamili, tuseme 103, kila pikseli ya skrini inaangukia katikati ya pikseli ya kigae na picha inakuwa safi. Kamera ikiwa 103.4, anwani zinaangukia baina ya pikseli na pikseli. Kama umewasha ulainishaji, kadi inachukua pikseli nne zilizo karibu na kuzichanganya kwa uwiano. Ukingoni mwa jiwe, mbili kati ya hizo nne ni za mchanga. Kadi haijakosea. Imefanya hesabu uliyoiagiza, kwenye picha ambayo kwa upande wake haina mpaka wowote ndani.

Wengi hukimbilia kuzima ulainishaji, na mimi nilianzia hapo. Mistari ikapungua, haikwisha. Hesabu za desimali kwenye kompyuta zina ukadiriaji, na anwani inayotakiwa kuishia mpakani kabisa inaweza kuvuka kwa kiasi kidogo mno. Bila ulainishaji, kuvuka kidogo na kuvuka sana ni mamoja: unapewa pikseli nzima ya jirani. Nikailazimisha kamera ikae kwenye pikseli kamili. Hilo lilisaidia, lakini kamera ikawa inagutuka kila inapomfuata mchezaji polepole, na mgutuko huo unachosha macho kuliko huo mstari.

Dawa iliyodumu ni kurudufu kingo. Kila kigae cha 16 kwa 16 kinaongezewa ukanda wa pikseli moja pande zote, na ukanda huo unajazwa nakala ya pikseli za ukingo wake mwenyewe. Kigae kinakuwa 18 kwa 18. Anwani ikivuka mpaka, inakutana na jiwe lilelile. Atlasi ya 512 kwa 512 iliyokuwa inabeba vigae 1,024 sasa inabeba 784, na gharama hiyo nailipa bila kusita.

Mwanzoni nilimwomba mchoraji aiongeze mikanda hiyo kwa mkono. Alifanya vigae sitini hivi kabla sijaona ninachomfanyia. Akibadili kivuli kwenye kona ya jiwe, lazima akumbuke kubadili na nakala zake ukandani. Akisahau moja, ufa unarudi na hakuna anayejua umerudi kwa sababu gani. Nikaandika programu ndogo inayosoma vigae vyake kama alivyovichora, inavirudufu kingo, inavipanga kwenye atlasi na kutoa anwani mpya. Tangu siku hiyo yeye hana habari na mikanda, na ndivyo inavyostahili kuwa.

Kuna wakati mashine zenyewe zilikijua kigae. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na chipu ya picha isiyoelewa kitu kingine kwa mandhari ya nyuma. Kigae kilikuwa pikseli 8 kwa 8, kila pikseli biti mbili, jumla baiti 16. Skrini ilikuwa safu 30 za vigae 32, kwa hiyo ramani nzima ya skrini ni baiti 960 za namba za vigae na baiti 64 za kusema eneo gani linatumia rangi zipi. Ukitaka kuhifadhi skrini hiyohiyo pikseli kwa pikseli, kwa rangi hizohizo nne, unahitaji baiti 15,360, na kumbukumbu ya picha ndani ya mashine ilikuwa kilobaiti 2 tu. Vigae havikuwa mtindo. Vilikuwa njia pekee. Ndiyo maana kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985 wingu na kichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi.

Kwenye mashine ile ufa wangu usingeweza kutokea. Chipu inasoma namba ya kigae, inachukua mstari wake wa pikseli nane, inaumwaga kwenye skrini, inakwenda kigae kinachofuata. Hakuna 103.4, hakuna jirani kwenye atlasi, hakuna kuchanganya. Sisi leo tumepewa uhuru wa kukuza picha, kuizungusha na kuilainisha, na tukapoteza mashine inayoheshimu mpaka. Siulilii wakati ule. Lakini kila ninapoandika sheda ya vigae, yaani programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya michoro, najiona naijenga upya sehemu ya chipu ile, kwa programu.

Na hapo ndipo ufa wa pili ulipotokea. Huu ulinichukua siku nne.

Ramani yetu ni vigae 512 kwa 512, tabaka nne. Hivyo ni vigae 1,048,576. Njia ya kawaida ni kuikata vipande, tuseme 32 kwa 32, kujenga bafa ya pembetatu (orodha yake iliyohifadhiwa kwenye kadi) ya kila kipande mara moja, na kuchora vile tu vinavyoonekana na kamera. Njia hiyo ni nzuri na ningemshauri yeyote anayeanza aanze nayo. Tatizo letu ni kwamba mchezaji anachimba. Kila pigo la sururu linabadili ramani, na kila badiliko linalazimisha kipande kizima kijengwe upya.

Kwa hiyo nikaigeuza ramani kuwa picha. Picha ya 512 kwa 512 ambayo rangi ya kila pikseli si rangi, ni namba ya kigae. Kisha kwa kila tabaka nachora mstatili mmoja tu unaofunika skrini, na kazi yote naiachia sheda. Sheda ni programu fupi inayoendeshwa kwa kila pikseli kivyake. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde, zote ziwe zimepata jibu ndani ya milisekunde zisizofika 17. Tuchukue pikseli moja. Inajiuliza: niko wapi duniani? Jibu linakuja, kwa kipimo cha vigae: 37.25 kwenda kulia, 12.5 kwenda chini. Sehemu kamili, 37 na 12, inaipeleka kwenye picha ya ramani na kupata namba, tuseme 214. Sehemu ya desimali, 0.25 na 0.5, inaiambia iko robo ya njia ndani ya kigae kwa upana na nusu kwa kimo. Inakwenda kwenye atlasi, inatafuta kigae cha 214, inachukua rangi ya mahali hapo. Imekwisha.

Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilikaa nikichimba ukuta kwa muda mrefu bila sababu yoyote, kwa sababu kuchimba sasa kulikuwa ni kubadili pikseli moja ya picha ya ramani, na dunia nzima ikabadilika kwenye fremu iliyofuata.

Kisha nikairudisha kamera nyuma ili nione ramani kwa mbali. Skrini nzima ikajaa wavu wa mistari, kila mpaka wa kigae, juu hadi chini. Mikanda ilikuwepo. Anwani nilizihakiki kwa karatasi na kalamu, zilikuwa sawa. Nilichokuwa sikitazami ni rangi ya mistari yenyewe. Siku ya tatu nikaikuza picha ya skrini hadi pikseli moja ikawa kubwa kama ukucha, na nikaona rangi ya kahawia iliyofifia kuelekea kijivu. Kwenye vigae vyote vya mchoraji wetu, rangi hiyo haikuwepo. Nikakokotoa wastani wa atlasi nzima, pikseli zote. Ikatoka rangi ileile.

Hapo nikajua pa kutafuta. Picha inayochorwa kwa udogo huhifadhiwa pamoja na nakala zake zilizopunguzwa: nusu, robo, thumni, hadi nakala ya mwisho yenye pikseli moja tu, ambayo ni wastani wa picha nzima. Hizo ndizo mipmapu. Kadi inachagua nakala ya kutumia kwa kulinganisha anwani za pikseli jirani. Kwa kweli inazichakata pikseli katika vikundi vya mbili kwa mbili kwa ajili ya ulinganisho huo. Tofauti ikiwa ndogo, picha iko karibu, tumia kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, picha imefinywa, tumia ndogo. Sasa fikiria pikseli mbili zilizokaa huku na huku ya mpaka wa kigae. Ya kwanza desimali yake ni 0.98, ya pili 0.02, na pengine kigae cha pili kiko kona nyingine ya atlasi. Kadi inaona anwani imeruka nusu ya picha kwa hatua moja, inaamini picha imefinywa kupita kiasi, inachukua nakala ndogo kabisa. Wastani wa vigae vyote unachorwa hapo mpakani, kwenye kila mpaka wa ramani.

Marekebisho yalikuwa mistari mitatu. Unapima tofauti za anwani kwenye nafasi ya dunia kabla hujaikata kwa `fract` (inayobakiza desimali tu), wakati bado inatiririka bila kuruka, kisha unaikabidhi kadi tofauti hizo wewe mwenyewe kupitia `textureGrad` badala ya kuiacha ikisie. Wavu ukafutika.

Haikuwa mwisho wake, maana mipmapu za atlasi zina ugonjwa wa kwao: ukiipunguza atlasi kwa nusu, ukanda wako wa pikseli moja unabaki nusu pikseli, na baada ya hatua mbili tatu jiwe na mchanga vimeshachanganyika ndani ya nakala zenyewe. Hapo niliachana na atlasi nikahamia safu ya tekscha, ambamo kila kigae kina ukurasa wake na mipmapu zake, kisichangie chochote na jirani. OpenGL ES 3.0, kiwango cha michoro kinachotumika kwenye simu, inakuhakikishia angalau kurasa 256, na kwa kila aina ya mandhari tuliyonayo zinatosha. Kama ningeanza leo ningeanzia hapo, na mikanda nisingeigusa kabisa.

Simu zilinifundisha jambo moja zaidi, nalitaja kwa ufupi. Kwenye kompyuta ukuta ulikuwa umetulia; kwenye simu, ukifika upande wa mbali wa ramani, ukuta unatetemeka. Sheda ilikuwa imeandikwa kutumia `mediump`, ambayo kwenye simu nyingi ni desimali ya biti 16. Kati ya 1024 na 2048, namba hiyo haiwezi kuhesabu chini ya moja moja; ikipita 2048 inahesabu mbili mbili. Ukipima dunia kwa pikseli, mahali pa 1500.5 hapapo. Kompyuta nyingi hulipuuza neno hilo na kutumia biti 32, ndiyo maana sikuona kitu. Nikabadili kuwa `highp`, na tangu hapo natoa nafasi ya kamera kwa hesabu kamili kabla ya kuipeleka namba yoyote kwenye sheda.

Nirudi kwa mchoraji, maana ufa wa tatu ulikuwa kwenye muda wake.

Jiwe linapokutana na uwazi lazima kuwe na ukingo: ukingo wa juu, wa kulia, kona ya nje, kona ya ndani. Kigae kina majirani wanane, kila mmoja ni jiwe au si jiwe, kwa hiyo hali 256. Ukisema jirani wa kona anahesabika tu pale majirani wawili wanaompakana nao ni jiwe, hali zinashuka hadi 47. Ndiyo idadi aliyokuwa akichora. Mandhari sita, vigae 282, na kila tukibadili mawazo kuhusu unyevu wa pango anarudi mwanzo.

Niliposoma zaidi nikakutana na Hao Wang, mwanamantiki aliyeandika mwaka 1961 kuhusu miraba yenye rangi kwenye kingo, inayopangwa ili rangi zinazogusana zifanane. Swali lake halikuhusu gemu hata kidogo. Aliuliza kama kuna utaratibu wa kujua iwapo seti fulani ya miraba inaweza kufunika uwanda usio na mwisho, na mwaka 1966 Robert Berger akathibitisha kwamba utaratibu unaojibu kwa kila seti haupo. Kilichonifaa ni wazo lenyewe la kukipa kigae masharti ukingoni au kwenye kona, badala ya kukihesabia majirani wanane.

Tulichofanya ni kuisogeza gridi ya picha nusu kigae. Gridi ya ramani inasema wapi ni jiwe; gridi ya picha imekaa katikati yake, kwa hiyo kila kigae kinachochorwa kinagusa seli nne za ramani, moja kila kona. Juu kushoto ina thamani 1, juu kulia 2, chini kushoto 4, chini kulia 8. Jumlisha zile zenye jiwe. Ukipata 5, jiwe limejaa upande wa kushoto na kulia ni wazi, chora ukingo wima unaotazama kulia. Ukipata 15, jiwe tupu. Ukipata 0, usichore. Vigae 15 kwa mandhari, 90 kwa zote sita. Sheda ndiyo inayojumlisha: inasoma pikseli nne za ramani, inapata namba, inakwenda kuchora. Mchezaji akichimba seli moja, vigae vinne vinavyoizunguka vinabadilika vyenyewe.

Mchoraji aliponijibu alisema, "Kaka, leo nimemaliza pango lote kabla ya mchana." Nilifurahi kuliko siku niliyoiondoa ile wavu.

Na faida iliyojificha ikaja baadaye. Zamani faili ya ramani ilikuwa inahifadhi namba za picha. Nilikuwa nikitumia Tiled, kihariri kizuri sana cha ramani za vigae ambacho bado nakitumia, na siku moja nilikuta ndani ya faili namba 2147483695. Nikadhani faili imeharibika. Kumbe biti za juu kabisa za namba hubeba habari za kugeuza kigae. Toa 2147483648 na unabaki na kigae cha 47, kilichogeuzwa kushoto kulia. Hakuna kilichoharibika. Kilichoharibika kweli ni pale mchoraji alipopanga upya vigae vyake, jambo analostahili kulifanya wakati wowote, na ramani kumi na moja zikageuka vurugu kwa sababu 214 haikuwa jiwe tena. Sasa ramani inahifadhi neno, jiwe au mchanga au maji, na picha inaamuliwa wakati wa kuchora. Apange anavyopenda.

Kwa sasa ulinzi wa mpaka nimeuweka kwenye jaribio. Zana inatengeneza seti bandia ambamo kigae cha jiwe ni cheusi tii na vingine vyote ni zambarau kali. Inajenga ramani ya jiwe peke yake, inaichora kamera ikiwa mahali 200 tofauti, pote pakiwa na desimali, kwa viwango vitano vya kukuza, kisha inahesabu pikseli zisizo nyeusi katika picha hizo 1,000. Ikipata hata moja, gemu haijengwi. Sheda inayotumika kwenye jaribio ni ileile ya gemu, na ndiyo ileile inayochora ndani ya kihariri, kwa sababu nimeona mara nyingi mno kihariri kikionyesha ukuta safi ambao ndani ya gemu una nyufa.

Wiki hii tumeongeza maji. Sheda ya maji inasogeza anwani kwa wimbi kabla ya kuchukua rangi, na anwani iliyosogezwa haiulizi kigae kinaishia wapi. Nimeibana isitoke nje ya ukurasa wake, jaribio likashuka kutoka pikseli elfu kadhaa hadi tatu. Tatu hizo ziko kwenye kiwango kimoja cha kukuza, zote kwenye ukingo wa chini wa bwawa, na nimezizungushia duara jekundu.